Utando Tulioupika Kakuma

Mifuko ile niliiua mimi mwenyewe. Ilifika Lodwar kutoka Nairobi ndani ya boksi moja, myepesi kama mifuko ya mkate, ila plastiki yake si ile ya dukani: ukiitia majini inayeyuka. Sisi tunaotengeneza miguu ya bandia tunaitegemea sana. Mfuko mmoja unavishwa juu ya umbo la plasta lililochukuliwa kwenye kigutu cha mgonjwa, halafu juu yake ndipo tunapomimina rezini inayokuwa ganda la mguu. Plasta ina unyevu, na rezini ikigusa unyevu hubaki inanatanata, haigandi sawasawa. Kinachozitenga ni huo utando tu, mwembamba kuliko karatasi ya daftari. Nilipokea boksi, nikasaini, nikaliweka kwenye rafu ya juu kabisa chini ya mabati, nikaenda zangu likizo.

Mimi ni mtu wa Kisii. Kwetu ukiacha kitu chini, asubuhi kimeota ukungu, kwa hiyo mkono wangu umezoea tangu utotoni kupeleka vitu juu, pakavu. Niliporudi likizo nikauvuta mfuko wa kwanza, ukapasuka. Wa pili ukapasuka. Wa tatu ulivunjika vipande kama ganda la kitunguu, nikabaki nimeshika pembe mbili. Kumbe utando ule unaishi kwa unyevu kidogo ulio ndani yake, na ukiupokonya wote unakufa. Bati la Lodwar lilikuwa limeupokonya kwa wiki tatu mfululizo. Nililitukana lile bati kwa Kigusii, maana Kiswahili changu cha matusi hakikutosha.

Na nje, kwenye kivuli cha ukuta, mama mmoja kutoka upande wa Lorugum alikuwa amekaa ananisubiri.

Alikuwa mtu wa rika langu. Nyoka alimgonga akiwa anachota maji, na mguu ukakatwa chini ya goti. Kidonda kilikuwa kimepona vizuri, plasta yake nilishaichukua kabla ya likizo, kilichobaki ni kazi yangu. "Ejok," nikamsalimu. "Ejok nooi, daktari," akaitikia. Mimi si daktari, nimewaambia mara mia, wamekataa kusikia. Nikamweleza kwamba mifuko imeharibika na mingine itachukua karibu mwezi kufika. Hakukasirika. Alinitazama tu, akaanza kueleza taratibu kama mtu anayemweleza mtoto.

"Daktari, mimi si mtu ya kukaa. Watu yangu wanangoja nyasi iishe tu. Ikiisha wanapanda milima ya Loima na mifugo. Kama siwezi kutembea, wataniacha kwa maduka Lorugum. Watoto wanaenda. Mimi nabaki naangalia barabara."

"Si upande punda?"

"Punda inabeba vitu, na watoto wadogo, na wazee. Mimi nimezeeka?"

Nikamuuliza zimebaki siku ngapi. Akasema kumi na tano, labda ishirini, mbuzi ndio wanaojua. Niliingia ndani nikakaa juu ya boksi lile la mifuko mifu. Mwanamke mzima angeachwa kando ya barabara kwa sababu mimi nilitaka kuweka vitu pakavu. Sijui kama umewahi kujichukia kwa ajili ya rafu.

Ndipo nikamkumbuka fundi wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Ni Mkongomani, mtu wa makamo, alikuwa akitengeneza miguu huko kwao Bukavu kabla vita havijamfukuza. Tulikutana kwenye mafunzo fulani, na alichonivutia wakati ule ni kwamba alikuwa hasemi kitu. Nikampigia simu. Nilipomaliza kulia shida zangu akacheka kidogo.

"Dada, mimi sijanunua ile mifuko miaka mingi. Ninaipika."

"Unaipika?"

Akanieleza. Kuna unga mweupe, ndio huo huo unaotengenezewa mifuko ile, na mimi nilikuwa na kopo lake stoo ambalo sijawahi kulifungua. Unaupika na maji kwa moto mdogo kama uji wa mzazi, unauchuja, unauacha utulie mpaka mapovu yaishe, unaumwaga juu ya kioo safi kilicholala sawa. "Kisha unaukausha pole..." Nikamkatiza, nikamshukuru, nikakata simu. Kukausha! Mimi niko Lodwar! Kama kuna kitu kimoja tusichokosa hapa ni kukausha.

Nikang'oa kioo cha dirisha la stoo. Nikapika uji wangu, nikaumwaga, nikautoa nje saa sita mchana, juani kabisa, upepo ukivuma. Haikufika hata saa moja, juu kukawa kunang'aa kama kioo chenyewe. Nikamwita yule mama aje aone. Nilikuwa najisifu waziwazi, sitaki kudanganya. Nikaugusa kwa kidole. Ule ugumu ukateleza chini ya kidole changu kama utando wa maziwa yaliyochemka, na chini yake kulikuwa maji matupu. Baada ya dakika chache mapovu yakaanza kufura, moja hapa, moja pale, mpaka kioo kizima kikawa kama sinia la mandazi. Kingo zikajikunja juu zimekauka kabisa, katikati bado ni uji.

Yule mama alicheka mpaka akashika ukuta.

"Unachekea mguu wako!" nikamfokea.

"Daktari, wewe hujawahi kukausha ngozi?"

"Ngozi ya nini?"

"Ya mbuzi. Ukiiweka kwa jua ya saa sita, juu inakuwa ngumu haraka sana. Maji iko ndani inataka kutoka, inakuta mlango imefungwa. Ngozi inaoza, na kwa macho unaona ni nzuri." Akaangalia mandazi yangu. "Hii yako mlango imefungwa."

Nilitaka kumjibu vibaya, na jibu nilikuwa nalo ulimini. Nikalimeza. Nimesoma miaka mitatu chuoni, nimepita mitihani ya plastiki na rezini, na hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza jambo lile kwa sentensi fupi namna ile. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi uti wa mgongo wangu ni mgumu. Kesho yake kulikuwa na gari la kazi linaloelekea Kakuma. Nikafunga umbo la plasta ndani ya leso, nikaweka kopo la unga mkobani, nikapanda. Kugeuka, yule mama naye yuko kiti cha nyuma na fimbo zake.

"Wewe unaenda wapi?"

"Mguu ni yangu," akasema, akafunga mlango.

Karakana ya fundi ilikuwa nyuma ya maduka ya mabati, chumba kimoja cha matofali ya udongo chenye meza ndefu. Alitupokea kwa heshima zote, "karibu mama, karibu dada," akatupa maji ya kunywa, akachukua plasta yangu akaipapasa kote. Halafu akaanza, na kuanzia hapo mimi nilikuwa mtazamaji tu.

Kioo chake kilikuwa cha kabati la duka lililofungwa. Alikilaza mezani, akaweka gololi moja katikati. Gololi ikatambaa kuelekea dirishani. Akasukuma kipande cha karatasi kilichokunjwa chini ya mguu wa meza, akaiweka tena, ikatambaa kidogo. Alifanya hivyo, sijui mara ngapi, katika pembe zote nne, mpaka gololi ikawekwa na kukaa ilipowekwa. Mimi kioo changu nilikuwa nimekilaza juu ya mawe mawili, nikakipimia kwa jicho.

Uji wake aliupika karibu asubuhi nzima, akikoroga upande mmoja. Akauchuja kwa kitambaa cha soksi, akaufunika, akaketi.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa unapumzika. Mapovu yapande yaende zao."

"Muda gani?"

"Polepole njo mwendo, dada."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, mzee."

Akacheka, hakusogea. Alipoumwaga mchana, aliumwaga kama anayemlaza mtoto aliyesinzia, kisha akavuta rula ya chuma juu yake kwa mkono mmoja usiotetemeka, kutoka ukingo hadi ukingo. Kule ncha za rula alikuwa amezungushia utepe, ili rula isiguse kioo na unene uwe ule ule kila mahali. Ulibaki umelala pale, hauna mstari hata mmoja. Nimeona mafundi wengi. Sijaona mkono kama ule.

Halafu akafanya jambo ambalo mimi, mtu wa haraka, nisingelifikiria kamwe: akaukinga na ukavu. Katika nchi ambayo shati linakauka kabla hujafika kwenye kamba, yeye alifunika kioo kwa sanduku la mbao lenye chandarua juu, akazungushia magunia yaliyolowa pande zote nne, akaweka sufuria ya maji ndani yake. Kuzunguka kingo za kioo akalaza vitambaa vibichi, kwa sababu, alisema, kingo ndizo zinazokauka kwanza, na zikishakauka zinavuta uji kutoka katikati. Mwanzo utando uone hewa yenye maji, ili maji yaliyo chini yapate njia ya kupanda. Baadaye, gunia moja moja, unaiachia hewa kavu iingie.

Yule mama wa Lorugum alikuwa amesogeza kigoda chake karibu. Hawakuwa na lugha ya kutosha kati yao, Kiswahili cha Bukavu na Kiswahili cha sokoni Lodwar, lakini kwa jambo hili walielewana kuliko nilivyoelewana mimi na yeyote kati yao. "Kivuli kwanza," akamwambia fundi. "Njo vile, mama. Kivuli kwanza," fundi akaitikia. Wakatikisa vichwa. Mimi nikajiona mtoto wa shule.

"Utajuaje kama umekauka na umeufunika?" nikauliza.

Akaninyanyulia chandarua upande mmoja. "Leta shavu yako. Usiuguse."

Nikainama. Jamani! Kakuma, mchana ule, hata kijiko kilikuwa cha moto, ukuta wa moto, maji ya kunywa ya moto. Na juu ya ule utando kulikuwa na ubaridi uliopanda ukanigusa shavuni. Maji yanayotoka hupoza yanapotokea. Nililisoma kitabuni na kulijibia mtihani, lakini sikuwahi kulisikia kwa mwili wangu. "Ukiwa baridi, bado unatoa maji," fundi akasema. "Siku ukiwa na joto kama meza, umemaliza." Kipimo chake kilikuwa uso wake tu, na hakikuwa kikikosea.

Yule mama naye akaleta shavu. Akakaa hapo hapo, macho yamefumba.

"Umeshapima?" nikamuuliza.

"Niache. Hapa ndiyo nataka kulala."

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupapita bila kupataja. Siku ya pili, fundi alitoka kwenda kwenye foleni ya maji. Alikuwa ameshatoa gunia moja, yakabaki matatu, na akasema tusiguse kitu. Nikapima kwa shavu: bado baridi. Nikazunguka chumba. Nikapima tena: bado. Siku zilikuwa zinakwenda, nyasi za Lorugum zinaliwa, na mimi nimekaa nalinda uji. Nikajiambia gunia moja tu, la upande wa dirisha, litasaidia. Yule mama akaniambia, "Daktari, wacha." Nikalitoa.

Upepo uliingia kama uliokuwa umesimama mlangoni unasubiri. Sikupata hata nafasi ya kulirudisha. Pembe ile ya utando ikakunjamana, ikavuta, ikapasuka ufa mrefu kama kiganja, nikausikia kwa masikio yangu. Nikarudisha gunia. Unga wote uliobaki kwenye kopo ulikuwa umeingia kwenye uji ule, na wa fundi ulikuwa umekwisha. Yule mama hakunilaumu. Aligeuza uso akatazama mlangoni, kuelekea barabara, na hiyo iliniuma kuliko ambavyo matusi yangeniuma.

Fundi aliporudi nilimwambia kabla hajatua madumu. "Mzee, nimekuharibia kazi. Nimetoa gunia." Akainama, akapima kwa shavu pembe iliyopasuka, akapima katikati, akapima pembe nyingine tatu. Akalowesha magunia upya. Mimi nilikuwa nimesimama nasubiri kufukuzwa.

"Tumepoteza kona," akasema hatimaye. "Utando haujapotea."

Akachukua gazeti kuukuu, akalikata kwa kipimo cha mfuko, akaliweka juu ya chandarua. Lilivuka ufa. Akaligeuza, likavuka. Akalilaza mshazari, kona kwa kona, akalisukuma kidogo kidogo kama alivyoisukuma ile gololi, mpaka likakaa pembeni mwa ufa likiwa limebakiza upana wa kidole. Upana wa kidole kimoja. Yule mama akasimama kwa fimbo zake akaja kuangalia. Akaweka kidole chake pale, akapima mwenyewe, akarudi kukaa.

"Inatosha," akatutangazia.

Tuliubandua kesho yake alfajiri, kabla jua halijatoka. Fundi alisema saa hiyo ndiyo hewa ya Kakuma ina unyevu kidogo, na utando ukikauka kupita kiasi unakufa, kama mifuko yangu. Unatakiwa ubandulike ungali na tone la maji ndani yake. Hakutumia kisu. Aliinama kwenye ukingo akaupumulia, pumzi ya moto, polepole, kama anayesafisha miwani, mpaka ukingo ukalegea ukajiinua wenyewe. Akaushika kwa ncha za vidole. Akavuta. Ulitoka mzima, kimya, hadi kwenye ufa ukasita, kisha ukapita pembeni mwake ukaendelea. Akauinua mlangoni. Kupitia kwake niliona barabara, pikipiki, mbuzi, kila kitu wazi kabisa kana kwamba hakuna kitu kilichoshikwa. Nilimpenda mtu yule wakati ule, na ninasema wazi, kama mwanafunzi anavyompenda mwalimu ambaye hakumpiga.

Yaliyofuata nilikuwa nayajua. Tukaukata, tukaukunja kuwa mfuko, tukaziba mshono kwa pasi ya uvuguvugu, tukauviringisha ndani ya taulo bichi ulainike, tukauvuta juu ya plasta ukakaza bila kunyanzi, tukaukausha tena kidogo. Tukavalisha soksi za pamba, tukamimina rezini kabla joto halijapanda. Iliganda. Tulipovunja plasta, nikaingiza mkono ndani ya lile ganda: laini, hakuna panaponata, hata mahali pamoja.

Tuliporudi Lodwar nikaliunga ganda na bomba la muundi na wayo wa bandia. Siku ya kwanza yule mama alianguka mara mbili na akanitukana kwa Kiturkana, nikakubali, nilikuwa na deni hilo. Siku ya nne akatupa fimbo moja. Siku ya saba alizunguka ua wa karakana mara nyingi mpaka mimi ndiye niliyechoka kumfuata. "Sasa naenda," akasema, akapanda pikapu ya Lorugum, akakaa mbele na dereva. Hakusema asante, nami sikuingoja. Nyasi ndiyo iliyokuwa akilini mwake. Mwangu pia.

Baada ya wiki tatu nikaenda Lorugum kumwangalia, kama kawaida yetu. Fundi alikuwa akinipigia simu kila jioni: ganda linamsugua? Kigutu kimefura? Nilimwambia nitajua nikishamwona mgonjwa. Nilipofika madukani nilipita polepole nikitazama kila mwanamke aliyekaa barazani, kila aliyeelekeza uso barabarani, na kwa kila mmoja moyo ulinidunda mpaka nilipohesabu miguu miwili ya nyama. Nikaenda hadi bomani kwao. Hakukuwa na mtu. Uzio wa miiba ulikuwa wazi, majivu yamepoa, alama za kwato zimejaa mchangani zikielekea magharibi. Bibi mmoja mzee sana alikuwa amebaki kwenye boma la jirani, anafuma kikapu.

"Ejok, bibi. Hawa wameenda wapi?"

"Wamehama. Loima. Siku nyingi."

"Na yule mama wa mguu? Alipanda punda?"

Bibi akaniangalia kama ninayeuliza upuuzi. "Punda ya nini? Yule alikuwa mbele na ngamia. Mume wake ndiye alikuwa nyuma, anapiga kelele wapumzike."

Nikakaa chini mchangani, pale pale, na nguo zangu za kazi, nikalia mbele ya boma tupu. Sijawahi kufurahi namna ile kwa kumkosa mgonjwa.